Neno Lililofichwa Katika Hoja

Msimu huu vijana wetu kadhaa wa Kiboriloni wanajiandaa kwa mitihani ya usaili wa kazi na ya kuombea masomo nje ya nchi. Katika mitihani hiyo mna sehemu inayowatisha kuliko hesabu: mtahiniwa hupewa hoja fupi, kisha huulizwa ni jambo gani mtoa hoja amelichukulia kuwa kweli pasina kulitaja. Baadhi ya wazazi wametuuliza iwapo elimu hiyo ina mahali katika dini. Inapo, tena ni kongwe kwetu.

Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), alitanguliza mlango wa mantiki katika kitabu chake cha Usuli, Al-Mustasfa. Anaeleza humo kwamba hoja iliyokamilika husimama juu ya vitangulizi viwili, na kwamba wasemaji aghalabu hutaja kimoja wakakiacha cha pili, ama kwa kuwa ki wazi mno, ama kwa kutaka kumhadaa msikilizaji. Mfano wake mashuhuri ni nabidhi. Sisi wa mlimani tunao wa karibu zaidi, nao ni mbege.

Anayesema mbege ni haramu kwa sababu inalevya ameacha kutaja kwamba kila kilevi ni haramu. Hana kosa, kwani hilo halina Mwislamu asiyelijua. Lakini yuko mwingine husema: mbege hupikwa kwa ndizi na ulezi, navyo ni halali, basi nayo ni halali. Huyu amefunika kitangulizi kwamba hukumu ya kitu haibadiliki hata hali yake ikibadilika. Kifunue tu, hoja yote inaporomoka, maana zabibu ni halali na mvinyo wake ni haramu. (Wala togwa isiyochacha isihukumiwe kwa sababu tu ya ujirani wake na mbege.)

Katika chumba cha mtihani, njia iliyo salama ni kukanusha. Chukua kila jibu ulilopewa, ligeuze kinyume chake, kisha utazame kama hoja bado imesimama. Tuseme swali ni hili: barafu ya Kibo inapungua, kwa hiyo chemchemi za mteremkoni zitakauka. Jibu la kwanza lasema barafu inapungua kwa sababu ya matendo ya binadamu. Likanushe, hoja haitikisiki, kwani lolote liwalo chanzo, barafu inapungua. Jibu la pili lasema chemchemi hizo hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka kwenye barafu. Likanushe, hoja haina tena pa kusimama. Hilo ndilo lililofichwa. Vijana wengi hunaswa na jibu la kwanza kwa kuwa wanaliamini, ilhali hawakuulizwa wanaamini nini.

Na ajabu ni kwamba dhana hiyo iliyofichwa si sahihi. Barafu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, hilo halina ubishi, lakini maji yetu mengi hutokana na mvua inyeshayo kwenye ukanda wa msitu. Mwenye kulilia theluji huku akikata miti ya juu ameikosea hoja na ameyakosea maji. Hata wataalamu hupitiwa: mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake walikadiria kwamba barafu hiyo ingetoweka kati ya 2015 na 2020, kwa kuchukulia kwamba kasi ya kupungua ingeendelea vile vile. Mwaka 2020 ulipita, na barafu ingalipo.

Linalotushughulisha zaidi liko majumbani. Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, husikika mzazi akisema: shule aliyopangiwa binti iko mbali, kwa hiyo dini yake itapotea. Hatusemi hofu hiyo haina asili. Tunauliza kilichofichwa ndani yake, nacho ni kwamba huko hakuna wa kumsimamia katika swala na staha, na kwamba hapa nyumbani yupo. Vyote viwili ni vya kuchunguzwa, na Surat Al-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Binti akizuiwa kwa dhana ambayo hakuna aliyeihakiki, mwenye kudhurika ni yeye, na nafasi ya kidato cha tano haikai ikingoja. Huenda uchunguzi ukathibitisha hofu ya mzazi. Hapo atakuwa na hoja kamili ya kumweleza mwanawe.

Basi mwenye barua ya kupangiwa shule mkononi aipigie simu shule hiyo wiki hii, aulize kama kuna mahali pa kuswalia, na ni mwalimu gani au mlezi gani wa Kiislamu anayewasimamia wasichana bwenini.