Harusi si Dawa ya Kitabu



Leo tuna neno zito, na atakayeudhika atuwie radhi. Imezuka tabia hapa kwetu: binti akikutwa anasoma kitu kisichompendeza mama, anatafutiwa mume. Tunaijua kwa sababu sisi tunashona nguo za harusi, na wasichana hao wanaletwa kupimwa macho yamevimba.

Karibuni tumeletewa mmoja wa miaka 17. Kosa lake kakutwa na Heartstopper kwenye simu, hadithi ya katuni ya Mwingereza Alice Oseman. Ilianza kutoka mtandaoni mwaka 2016, ikawa vitabu, na mwaka 2022 ikawa tamthilia ya Netflix. Inahusu wavulana wawili wa skuli moja huko Uingereza, Charlie na Nick, wanaopendana. Mama mtu aliona ukurasa mmoja tu, akapiga ukelele. Shangazi akaitwa, na posa iliyokwishakataliwa ikarudishwa.

Tulimuuliza binti tukiwa peke yetu: umependa nini humo? Mabusu hakuyataja. Alisema Charlie kaonewa skuli, na baadaye hata kula kukamshinda. Alisema Nick alipomwambia mama yake yaliyo moyoni, mama alimsikiliza bila ya kupiga kelele. "Mahali pale ndipo ninaporudia kusoma," alisema.

Jamani, mtoto huyu anatafuta mume, au anatafuta mama?

Tusieleweke vibaya. Ndoa katika dini yetu ni ya mume na mke, hilo tunalijua na tunalishika. Na mzazi ana haki ya kujua mwanawe anasoma nini. Basi aulize! Kusoma habari ya jambo si kulitenda. Surat Yusuf inatusimulia mke wa mkubwa wa Misri alivyomtamani kijana wa nyumbani mwake mpaka akafunga milango, na watoto wetu wanaisoma chuoni. Hatulinganishi maneno ya Mola na katuni, hasha. Tunasema Mola hakuona haya kutufundisha habari za moyo na matamanio, sisi tunaona haya ya nini kuzungumza na mabinti zetu?

Tena shangazi keshatangaza mtaa mzima kwamba binti "kaharibika". Surat Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Surat An-Nur, aya ya 4, inamtaka anayemsingizia mwanamke mwenye heshima zake alete mashahidi wanne. Shangazi anao, au ana simu ya mtoto tu?

Na idhini je? Mtume (S.A.W.) katufundisha kwamba bikira aombwe idhini, na kunyamaza kwake ni kukubali. Watu wameshika hapo pa kunyamaza. Lakini kuna kimya cha haya, na kuna kimya cha mtu aliyepigwa jana usiku. Kila mama anajua kuvipambanua, akitaka.

Yule kijana wa watu naye anadhulumiwa. Kaja kuoa mke, hajui kwamba kafanywa mganga. Ndoa ikivunjika mwaka wa kwanza, atakayerudi nyumbani na begi lake ni nani, kama si binti yule yule?

Sisi riziki yetu ni harusi, na gauni lisiloshonwa ni hasara yetu. Bado tunasema: mama, weka simu chini, kaa na mwanao, muulize kasoma nini na kapenda nini. Akikujibu, msikilize mpaka amalize. Nawe bi harusi, kama umenyamaza kwa hofu, mwambie walii wako au mwende kadhi kabla ya siku yenyewe. Kusema "sitaki" ni haki yako uliyopewa na dini.

Wabillahi tawfiq.