Mwongozo Hautakufunza Kuandika

Wasee, tuache kudanganyana. Juzi hapa Ngara niliulizia kitabu cha kunionyesha vile Shaaban Robert alijenga riwaya zake, nikapewa mwongozo wa mtihani. Maudhui, wahusika, tamathali, basi. Unataja tashbihi na hujui inafanya kazi gani pale!

Kezilahabi alitoa Rosa Mistika 1971. Jina tayari analo, lakini 1976 tasnifu yake ya uzamili ikawa juu ya Shaaban Robert huyo huyo.

Nunua Kusadikika yenyewe, ni nyembamba. Karama anajitetea mbele ya mfalme siku baada ya siku, na kila utetezi ni safari ya mjumbe mwingine. Nakili siku moja kwa mkono, uone anavyotoka barazani kuingia safarini. Mwongozo ulikuambia hiyo?