Warusha Nyimbo, Warushieni Watoto Hesabu

Simu imeshafika mikononi mwa watoto wetu. Jioni baba akirudi na kuiweka mezani, haikai hapo hata dakika kumi. Utaikuta uvunguni mwa meza, vichwa vitatu vimeinama juu yake, kidole kinakimbiza gari au kukata matunda. Siombi mtu amnyang'anye mtoto simu hiyo. Ninachoomba, na ninawaomba hasa vijana wa vibanda vya kurusha nyimbo na mafundi simu, ni kwamba ndani ya simu hiyo iwemo michezo itakayomfundisha hesabu.

Ushahidi kwamba jambo hili linawezekana tunao hapa hapa Tanzania. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, mkoa wa Tanga ulikuwa uwanja wa shindano la kimataifa lililoitwa Global Learning XPRIZE, kwa ushirikiano na Serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watoto karibu 3,000 katika vijiji takriban 170 walipewa tableti. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga darasani, na zaidi ya tisa kati ya kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwalimu hakuwepo. Kilichokuwepo ni vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua, na programu tano tofauti zilizoshindanishwa kwa muda wa miezi 15. Mwezi Mei 2019 Kitkit School na onebillion zikatangazwa washindi na kugawana dola milioni 10.

Habari za ushindi zilivuma, ila lipo jambo moja kwenye matokeo yale ambalo halikuzungumzwa vya kutosha. Katika kusoma, programu zilizidiana. Katika hesabu za msingi, zote tano zilifanya kazi sawasawa. Maana yake ni kwamba hatuhitaji kusubiri programu ya ajabu itoke mbali. Mchezo wowote uliotengenezwa kwa uangalifu, katika lugha anayoielewa mtoto, unaweza kumvusha kwenye kujumlisha na kutoa.

Naamini siri yake kubwa ni kukosea bila hofu. Wengi wetu tulijifunza tebo tukiwa tumesimama mbele ya darasa, fimbo iko mezani, wenzetu wanasubiri kucheka. Mtoto aliyejibu vibaya mara mbili hakunyoosha mkono tena. Akikua anasema hesabu si fungu lake, na wala hatushangai, maana katika mtihani wa Kidato cha Nne wanaofaulu Hisabati ni wachache kuliko wanaofeli. Hofu hiyo huanza mapema sana, katika miaka ile ile ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu.

Nimemtazama binti wa darasa la pili akicheza mchezo wa mizani. Upande mmoja wa mizani kuna kifurushi cha gramu 9, upande wa pili anatakiwa aweke mawe mpaka mizani ilale sawa. Ana jiwe la 5, la 2, la 2 jingine na la 1. Akaweka la 5 na la 2, mizani haikutulia. Akaongeza la 1, bado. Akakunja uso, akanong'ona, “nane”, akaliondoa lile la 1 na kuweka la 2 mahali pake. Mizani ikalala. Hakuna aliyemwambia kwamba 5 na 2 na 2 ni 9, na yeye mwenyewe hakupiga makofi. Aligusa tu kitufe cha kuendelea.

Mchezo wa aina hiyo ndio wa kutafuta. Ipo mingi inayoitwa ya hesabu ambayo kwa kweli ni maswali ya mtihani yaliyopakwa rangi: jibu swali, upewe nyota, kisha tangazo la kamari linaruka mbele ya mtoto wa miaka saba. Hiyo tuiache. Tableti za Tanga zilifanikiwa pia kwa sababu ziliandaliwa: Kiswahili kilikuwemo, matangazo hayakuwemo, wala mzazi hakudaiwa bando. Simu zetu hazijaandaliwa, na hapo ndipo ndugu zangu wa vibandani mnapohitajika.

Nyinyi mna kompyuta, mna waya, mna wateja kila siku. Kuna programu iitwayo GCompris, iliyoanza mwaka 2000 na kutunzwa na watu wa kujitolea. Ina michezo zaidi ya 100 ya watoto wa miaka 2 hadi 10, ukiwemo ule wa mizani. Ni bure, haina matangazo, na ni programu huria, kwa hiyo leseni yake inaruhusu kunakiliwa na kugawiwa. Ishusheni mara moja kutoka kwenye intaneti, kisha mrushieni kila mzazi anayekuja kuongeza nyimbo. Mkimtoza kidogo kwa kazi yenu, ni haki yenu. Kwa nyumba isiyo na simu janja, mkumbusheni mzazi kwamba Ubongo Kids, kipindi cha katuni kilichozaliwa Dar es Salaam mwaka 2014, hufundisha hesabu kwa nyimbo kupitia runinga.

Vijana mnaosoma kompyuta vyuoni, nanyi nawaomba jioni zenu chache. Programu huria hutafsiriwa na yeyote mwenye nia. Ongezeni Kiswahili kilichonyooka, na sauti ya dada au kaka anayesoma namba kama zinavyosomwa kwetu. Mkiweza, tengenezeni michezo ya vitu ambavyo watoto wetu huvihesabu kweli: mafungu ya nyanya, nauli ya daladala, chenji ya noti ya elfu mbili baada ya kununua sukari. Sioni kwa nini mtoto wa Korogwe ajifunze kutoa kwa kutumia sarafu ambazo hajawahi kuziona.

Wazazi wenzangu, sehemu yetu ni ndogo lakini haina mbadala. Zima data kabla ya kumpa mtoto simu. Kaa naye robo saa, usimtajie jibu, muulize tu amefikaje hapo. Kesho yake mtume dukani na umwombe akupigie hesabu ya chenji kabla hajatoka. Robo saa ikiisha, simu irudi kwako, naye aende kucheza na wenzake.

Na wiki hii ukipita kibandani kuongeza nyimbo, muulize kijana kama ana michezo ya hesabu. Akisema hana, mtajie jina la programu, na wiki ijayo umuulize tena.