Robusta Nyuma ya Jiko
Na Sumaili Feruzi

Nilifika Materuni, juu ya Moshi, nikiwa peke yangu. Kijana wa Kichaga alinipitisha chini ya migomba inayoivika kahawa kivuli, tukashuka mpaka maporomoko, kisha tukarudi uani kwa bibi yake. Tulikaanga buni, tukaitwanga kwenye kinu huku wenyeji wakiimba, tukanywa. Nilipolipa, niliona fedha zangu zikigawanywa palepale: za bibi, za kijana, za jirani aliyetupikia ndizi. Kikombe cha pili nilikinywa nikiwaza Punia, kwetu Kongo.

Kilimanjaro kahawa ilikuja. Wamisionari waliipanda Kilema mwaka 1898. Robusta yetu haikuletwa na mtu. Ni mti wa pori hili la Kongo. Mbegu zake zilibebwa hadi Brussels, na karibu mwaka 1900 miche ikavushwa bahari kwenda Java. Leo Vietnam inaiuza dunia nzima, na nyuma ya jiko la mama yangu imebaki miti minne. Mingine iliuawa na mnyauko, ule ugonjwa uliofyeka robusta ya mashariki mwa nchi. Vijana wakaenda kwenye machimbo ya kasiterite, mawe ya bati. Siwalaumu; shule inataka ada mwezi huu, si baada ya miaka mitatu mpaka mche wa kahawa uzae.

Lakini pori lipo. Gorila wa Grauer wapo, na Mto Lowa upo. Tausi wa Kongo, ambaye wataalamu walimpa jina mwaka 1936, wazee wetu walimjua kwa sauti yake usiku.

Tunangoja nini kukaribisha wageni kama Materuni? Barabara ya lami na hoteli? Mtu anayestahimili pikipiki kutoka Kindu haulizi hoteli. Anataka chumba kisafi, sombe ya moto, kijana anayejua miti kwa majina, na chefu wa kijiji anayejua mgeni wake amelala wapi. Asitozwe franga kwenye kila kizuizi. Mimi mwana wa hapa nimetozwa mara tano kwa safari moja, bila risiti hata moja. Na pale penye bunduki tumwambie ukweli asiende, hata kama tunazihitaji fedha zake.

Nimeshamwomba mama mbegu za miti yake minne, ile iliyoushinda mnyauko. Kitalu kiko tayari kando ya kisima. Kijana wa jirani, aliyerudi kutoka machimboni na kifua kibovu, ndiye anayekimwagilia, na kila jioni ananiuliza huko Materuni wanalipa kiasi gani.