Deep Space Nine: Waliosema Haiendi Popote Hawakuitazama

Kuna mashabiki wa Star Trek ambao ukiwatajia Deep Space Nine wanakunja uso. Eti si Star Trek ya kweli. Eti kituo kimeganda angani, hakiendi popote. Vita mno, dini mno, ugomvi mno, na Gene Roddenberry, aliyefariki 1991, asingeikubali. Nimemaliza kuitazama upya, sehemu zote 176, na nasema bila kumung'unya maneno: jamani, hoja hizo hazina miguu.

Tuanze na hiyo ya kutokwenda popote. Katika tamthilia nyingine za Star Trek, chombo kinafika kwenye sayari, wakubwa wanatatua tatizo la wenyeji kwa chini ya saa moja, kisha hao, wameondoka. Wenyeji watajijua. Hapa, kuanzia Januari 1993 hadi Juni 1999, hakuna kuondoka. Sayari ya Bajor imetoka kukaliwa kimabavu na Wakadasia kwa miongo kadhaa, na aliyekuja kusaidia lazima aishi na matokeo ya msaada wake.

Mtazameni Kira Nerys. Alipigania ukombozi na ameua watu. Katika sehemu iitwayo Duet, ya mwaka 1993, anamhoji Mkadasia anayejigamba kuwa alikuwa mkuu wa kambi ya mateso. Kumbe alikuwa karani tu, anayetaka kuadhibiwa ili taifa lake likiri lilichofanya. Kira anaamua kumwachia. Mbajor mmoja anamchoma kisu, sababu ni kwamba ni Mkadasia, basi. Kira anasema sababu hiyo haitoshi. Niambieni ni wapi Star Trek iliwahi kusema jambo zito kuliko hilo.

Sasa Roddenberry. Mwaka 1966 alimweka chomboni afisa aitwaye Uhura, jina lililotokana na neno letu uhuru. Nichelle Nichols alifanya kazi ya heshima, lakini mwenye jina la uhuru alikaa kwenye mitambo ya mawasiliano akipokea amri. Ilichukua hadi 1993 kwa mtu mweusi kuongoza tamthilia ya Star Trek: Avery Brooks, kama Benjamin Sisko. Hata hapo, Kirk, Picard na Janeway tuliwakuta tayari ni manahodha. Sisko alianza kama kamanda, akapewa unahodha mwishoni mwa msimu wa tatu, 1995. Mashabiki waliolalamika kuhusu vita, hili hawakuliona?

Watengenezaji wenyewe waliliona. Mwaka 1998 Brooks aliongoza sehemu ya Far Beyond the Stars, ambamo Sisko anajikuta ni Benny Russell, mwandishi mweusi wa hadithi za kisayansi, New York ya 1953. Siku ya kupigwa picha ya waandishi, Benny na mwandishi wa kike wanaambiwa wabaki nyumbani. Anaandika hadithi ya nahodha mweusi wa angani. Mwenye jarida anaamuru toleo zima liharibiwe, na Benny anafukuzwa kazi.

Na mwishoni, Sisko alikuwa amwache mkewe mjamzito bila ahadi ya kurudi. Brooks hakukubali baba mweusi aonyeshwe akitelekeza familia yake. Maneno ya kuagana yakabadilishwa, akaahidi kurudi.

Ina ubovu? Upo. Baadhi ya vichekesho vya Waferengi havitazamiki, na Profit and Lace ya 1998 ni aibu tupu. Lakini wanaoikataa hawalalamikii hivyo. Wanalalamikia mambo yaliyoifanya iwe bora.

Basi nijibuni, nyie walinzi wa Star Trek ya kweli: kama ndoto ya Roddenberry ilikuwa ni binadamu wote kuwa sawa, kwa nini tamthilia iliyouliza usawa huo unagharimu nini ndiyo mnayoiita mgeni?