Msitukatie Utenzi

Mwezi uliopita kikundi chetu cha kusoma kililetewa karatasi mbili za Utenzi wa Mwana Kupona. Tukaambiwa leo somo ni wema wa kila siku. Beti zilizochaguliwa zilikuwa nzuri, sibishi: mtoto awe na adabu, awe mkweli na mwaminifu, awe mcheshi mbele za watu bila kuwaumiza kwa ulimi. Mwishoni kila mtu akataja jambo moja jema atakalomfanyia jirani yake wiki hiyo. Tukapiga makofi, tukapewa soda, tukarudi nyumbani.

Lakini mwenzetu mmoja alikuwa na utenzi mzima, fotokopi ya zamani iliyochakaa. Akauliza, "Dada, hizi beti nyingine ziko wapi?" Dada mwezeshaji akajibu kwa upole kabisa: zile zina maneno yanayoweza kuwaumiza watu, tumeziondoa kwa ajili yenu.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza. Sina neno na yule dada, ana moyo mzuri. Nagombana na mkasi wake.

Kwanza tumjue mwenye utenzi. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mtu wa Pate, mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Mwaka 1858 mumewe alikuwa ameshafariki, na yeye mwenyewe alikuwa ameugua mwaka mzima. Akamwita binti yake, Mwana Hashima, akae karibu na wino na karatasi, amwachie wosia. Beti ni kama mia moja hivi. Na karibu na mwisho anawaambia wanawake wote wausome, waelewe maana yake. Hakusema wasome zile zinazopendeza tu.

Sasa ndani ya wosia huo, kwenye mafundisho hayohayo ya adabu, kuna mambo mawili ambayo karatasi zetu hazikuwa nayo. Moja, binti akimwona mtu mwenye cheo, ainuke haraka ampokee kwa heshima. La pili, akae mbali na watumwa, awe nao pale tu kazi inapotakiwa.

Ndiyo, imo. Mama yuleyule anayefundisha ulimi mzuri na uso mkunjufu anamchorea binti yake mstari, kwamba wema wako ufike hapa, usivuke.

Eti tusisome hilo kwa sababu litatuumiza? Ndugu zangu, hilo ndilo linalotuhusu kuliko yote. Angalieni neno letu lenyewe. Leo tukisema fulani ni muungwana, tunamaanisha ana adabu na roho nzuri. Zamani neno hilo lilimtaja mtu huru, asiye mtumwa. Na Kiswahili cha kwetu mashariki ya Kongo kiliitwa Kingwana, lugha ya waungwana. Kilitufikia karne ya 19 na misafara ya kina Tippu Tip, ya pembe za ndovu na ya watumwa, mpaka Kasongo na Maniema. Njia ya misafara ile ilipita Ujiji, mkoa huuhuu wa Kigoma tunamoishi sasa hapa Nyarugusu. Kwa hiyo ukimsomea Mkongomani wosia wa uungwana halafu ukamfichia ubeti wa watumwa, umemficha babu yake. Inawezekana ni babu aliyekamatwa, inawezekana ni babu aliyekamata. Wote wawili tunao.

Msiseme hayo ni ya kale. Mwezi wa tatu mama mmoja, jirani yangu, alikaa mbele ya dirisha la ofisi tangu saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana. Ndani walijua tangu saa tatu kwamba mwenye faili lake hakuja kazini siku hiyo. Hakuna aliyetoka kumwambia. Aliposogea kuuliza, aliitwa kwa namba ya kadi, akaambiwa asubiri. Saa sita likaja gari la wakubwa, na yule kijana wa dirishani akaruka kwenye kiti kama kimeshika moto, akatoka kuwapokea, "Karibuni, karibuni, mmesafirije?" Kijana mwenyewe ni mkimbizi mwenzetu anayelipwa posho. Adabu anayo, tena nyingi. Ila ina mstari, na mama yule alikuwa upande wa pili wa mstari.

Wahudumu wa mashirika, najua mtasema watu ni wengi, mafaili ni mengi, na nyie mmechoka. Kweli. Lakini kutoka nje na kusema, "Mama, mwenye faili lako hayupo leo, rudi kesho," kunachukua muda gani? Mlitufundisha kumtendea jirani wema. Na nyie jirani zenu ni nani, kama siyo watu wa dirishani?

Na sisi wakaaji tusichekelee. Mtu aliyefika juzi tunamwita "mpya" hata baada ya miaka mitatu, na bombani dumu lake linasogezwa nyuma. Mkongomani akisikia lafudhi ya Mrundi anabadilisha sauti, Mrundi naye hivyohivyo. Yule kijana anayetubebea unga siku ya mgao tunamwita kwa chombo chake: "Wee baiskeli, njoo!" Mgao ukiisha tunapishana naye njiani kama hatujawahi kuonana. Pale tu kazi inapotakiwa. Mnaona? Ubeti umekatwa kwenye karatasi, lakini kambini tunauishi kila mwezi.

Wapo watakaosema, basi tuutupe utenzi wote. Dada mmoja wa kikundi chetu alisema hivyo. Alipofika kwenye habari za mke kumpepea mume aliyelala, na radhi tano ambazo ya mume ni mojawapo, pamoja na ya Mungu, ya Mtume, ya baba na ya mama, alisema wema wa namna hiyo yeye hautaki hata kuusikia. Tukabishana mpaka giza likaingia. Ulikuwa mjadala mzuri kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo. Lakini dada huyo alibishana kwa sababu alisoma ile fotokopi iliyochakaa. Kwenye zile karatasi mbili hakuna cha kubishia, kuna cha kupigia makofi tu.

Mkasi wenu unatuambia kwamba sisi ni watu wa kuambiwa wema, siyo watu wa kuupima. Tumevuka ziwa usiku na watoto migongoni, halafu mnatuogopea beti mbili?

Basi ombi langu ni hili. Leteni utenzi mzima. Na nyie wahudumu mje mkae nasi kwenye mkeka mmoja, bila vizibao. Tukifika kwenye ule ubeti wa watumwa tusiuruke. Kila mmoja, mwenye ofisi na mwenye kadi, amtaje mtu ambaye yeye humjua wakati wa kazi tu.

Mimi nitaanza na yule kijana wa baiskeli. Miaka miwili amenibebea unga, na jina lake silijui.