Daftari la Michango na Kaburi

Wapo viongozi wa makanisa yetu ya Rungwe wanaoamini kwamba maiti akinyimwa ibada, walio hai watajifunza. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi hapa Ibighi, tena husemwa kwa upole, na watu ambao kwa mambo mengine ni waungwana. Fulani hakutimiza ahadi yake kwa miaka mitatu, bahasha zake zimelala, ibada za nyumba kwa nyumba haonekani. Basi azikwe na ndugu zake. Mchungaji hatakwenda, wala kwaya haitakwenda. Naandika kulipinga jambo hilo, na kuupinga uongozi unaoliona kuwa la kawaida.

Msomaji asiye wa huku aelewe kwanza msiba ni nini kwetu. Godfrey Wilson, aliyeishi Unyakyusa na mkewe Monica miaka ya 1930 wakichunguza maisha ya watu, aliandika makala ndefu mwaka 1939 juu ya mazishi yetu tu. Aliona watu wakimiminika kwa mamia, wengine wakilia, wengine wakicheza, ng'ombe wakichinjwa. Mengi yamebadilika tangu hapo, lakini hili halijabadilika: huku mtu hupimwa kwa msiba. Usipofika kwenye msiba wa jirani, hata mwaka wa tatu utakumbushwa. Kwa hiyo kanisa linapokataa kuja, halimpi marehemu adhabu. Marehemu hana habari. Linawaambia watoto wake mbele ya kijiji kizima kwamba mama yao hakuwa mtu.

Na ni nani hao wanaodaiwa? Nimekuwa karibu na madaftari ya namna hiyo kwa miaka mingi, nami nawaambia kwamba majina ya chini hayabadiliki sana. Ni mjane anayeishi kwa mikungu miwili ya ndizi kwa mwezi. Ni kijana mlemavu anayehesabiwa kichwa kama wengine, ingawa hana kazi. Ni kibarua wa shamba la chai aliyetoka mbali, asiyejua Kinyakyusa; matangazo ya ahadi yalitolewa kwa Kinyakyusa kanisani, akaitikia amina pamoja na wenzake, baadaye akaambiwa ana deni. (Na kinyume chake pia hutokea: bibi asiyejua Kiswahili cha warsha na semina, anayesomewa waraka ambao hata msomaji wake haujui vizuri.)

Tena ni mke wa pili. Huyo ndiye anayenisumbua kuliko wote. Aliolewa akiwa msichana, mahari ya ng'ombe ikalipwa, wazee wakakubali. Tangu siku hiyo Meza ya Bwana ikafungwa kwake. Anaimba, anafagia kanisa, anapika siku ya mgeni, lakini mkate ukipita yeye anatazama mikono yake. Akichoka kutoa sadaka mnamwita mlegevu. Huku mzee wa kanisa mwenye nyumba ndogo mjini, ambayo hata waendesha bodaboda wa stendi wanaijua, ndiye anayepita na kikapu. Yeye hana ng'ombe aliyelipa, kwa hiyo kwa sheria zetu hana mke wa pili.

Ajabu ni kwamba kanisa la huku lilianzishwa na watu wa majina ya chini. Wamoravian walifika chini ya mlima Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Berlin mwaka huohuo upande wa mashariki. Kwenye vituo vyao walikimbilia watoro wa utumwa, wanawake waliokimbia ndoa, watu waliofukuzwa kwao. Mtu wa kwanza kubatizwa pale Rungwe, mwaka 1897, alikuwa mwanamke. Wamisionari walikuwa na makosa yao, lakini walijifunza lugha ya wenyeji, wakamwita Mungu kwa jina Kyala lililokuwa tayari vinywani mwa watu, na kufikia 1908 Agano Jipya la Kinyakyusa lilikuwa limechapwa.

Wamoravian wenyewe walitoka wapi? Mwaka 1722 wakimbizi wa imani kutoka Moravia walipewa hifadhi kwenye ardhi ya bwana Zinzendorf huko Ujerumani, wakajenga Herrnhut. Mwaka 1732 walituma watu wao wa kwanza nje, tena kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas, kwa sababu mtumwa mmoja aitwaye Anton aliwaeleza hali ya ndugu zake. Makaburi ya Herrnhut yana mawe bapa yanayolingana, ya tajiri na ya mtumishi. Kweli, kaburi la Zinzendorf na la jamaa zake yalijengwa makubwa zaidi, katikati. Hata huko wakubwa hawakosi. Lakini sikupata kusikia kwamba aliulizwa mtu risiti kabla ya kulazwa pale.

Najua nitakachojibiwa: kanisa lazima liwe na utaratibu, paa la bati halijengwi kwa maombi, mchungaji naye ana watoto wa kusomesha. Ni kweli tupu. Mdaiwa atembelewe akiwa hai, aulizwe ana shida gani. Asiyeweza kutoa fedha apewe kazi anayoiweza. Tajiri mkwepaji aambiwe usoni, jambo ambalo kwa kweli hatulithubutu. Utaratibu unaongoja mtu afe ndipo uwe mkali una woga ndani yake.

Wala tusidhani watu hawana pa kwenda. Katika miaka ya 1920 Jordan Msumba alianzisha kanisa lake upande wa Nyasaland, likawapokea wenye wake wengi, na makanisa ya namna hiyo yakavuka mpaka hadi Rungwe yakapata wafuasi. Waanglikana walichelewa, lakini mwaka 1988, kwenye mkutano wao wa Lambeth, baada ya Askofu David Gitari wa Kenya kulipigania jambo hilo, walikubali kwamba mwenye wake wengi anaweza kubatizwa pamoja nao, akiahidi kutooa tena, wala asilazimishwe kuwafukuza, kwa sababu ya dhiki itakayowapata wanawake hao. Walianza kwa kumtazama mwanamke. Sisi bado tunatazama kanuni.

Ninachotaka kwa mabaraza ya wazee si kikubwa. Uamuzi wa kuzika utoke mikononi mwa mhazini. Mke wa pili aitwe barazani, asikilizwe yeye mwenyewe, si mumewe, kabla ya kuzungumziwa. Mhazini aendelee kulitunza daftari, na madeni ayadai kwa walio hai. Siku ya msiba alifungie kabatini, achukue jembe kama wanaume wengine wa kijiji.